Turbo kwenye 1HZ: pistoni na konrodi za kiwandani zinabeba farasi wangapi?

#1 ParachichiExpress (mleta mada)

Wakuu, salama? Nina Land Cruiser pikapu, mkonga, injini ni 1HZ (dizeli ya Toyota isiyo na turbo) ileile iliyozaliwa nayo. Haijawahi kufunguliwa chini, hedi imewahi kushushwa mara moja kwa ajili ya gasketi. Kazi yake ni parachichi hapa Njombe, na mara mbili kwa mwezi inashuka Dar. Kushuka hakuna shida. Shida ni kurudi na mbolea: nikifika mlima wa Kitonga nakaa gia ya pili, mguu umegusa sakafu, na nyuma mabasi yananipigia honi mpaka juu.

Fundi mmoja kaniambia atafunga turbo (feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda) bila kufungua injini, ataongeza dizeli kwenye pampu, na nitatoka kwenye farasi 130 za kitabu hadi 200. Nikamuuliza, na pistoni? Akanijibu, "1HZ haifi." Fundi wa pili, gereji ya jirani, kasema nikivuka 160 tu pistoni inapasuka.

Sasa nauliza walioona kwa macho yao: vya ndani vya kiwandani (pistoni, pini, konrodi yaani fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, beringi, hedi) mwisho wake ni farasi wangapi? Naomba namba.

#2 Torki_Kwanza

200 inakaa vizuri tu mkuu. Shemeji yangu ana 1HZ yenye turbo mwaka wa tatu sasa, upepo (presha ya hewa ya turbo) psi 10, anabeba mbao. Halafu fikiria hivi: 1HZ na 1HD-T ni injini moja. Silinda sita, kipenyo milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, cc 4164. Hiyo 1HD-T Toyota wenyewe waliitoa na turbo. Ingekuwa vya ndani havibebi, wangethubutu?

#3 Mzee_wa_Sindano

Torki_Kwanza, hapo umewapotosha watu bila kukusudia. Hizo ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Bloku zinafanana, ndiyo. Ila 1HD-T inapiga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake ni 18.6 kwa 1. 1HZ inapiga dizeli kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, moto unaanzia humo ndipo unatoka kuja kuisukuma pistoni, na mgandamizo ni 22.4 kwa 1. Pistoni za injini hizi mbili ukiziweka mezani, hata mtoto atakwambia si moja. Waliotengeneza 1HD-T hawakuchukua 1HZ wakaipachika turbo. Walibadilisha pistoni, hedi na pampu.

Kwa hiyo mfano wa "Toyota wenyewe" unatupeleka upande wa pili: walipotaka turbo, pistoni ya 1HZ hawakuitumia.

#4 Kibajaji

Naweka kambi hapa. Muendelee.

#5 Dada_Geji

Mleta mada, usikasirike, lakini "farasi wangapi" ni swali linalokuficha jambo. Farasi ni torki mara mzunguko. Pistoni na konrodi hazijui farasi. Zinachokijua ni presha inayozisukuma chini na joto linalozichoma.

Tufanye hesabu. Farasi 200 ni kama kilowati 149. Ukizipata kwenye mzunguko 3600, torki ni kama Nm 395. Ukizitaka kwenye mzunguko 2000, torki ni kama Nm 712. Farasi ni walewale, lakini konrodi ya pili inabeba karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kitabu cha 1HZ kinakupa takriban Nm 285 kwenye mzunguko 2200, ambazo pale ni farasi 88 tu. Zile 130 unazipata juu kabisa, 3800, mahali ambapo wewe na mbolea yako Kitonga hamfiki.

Kwa hiyo fundi anayekuahidi 200 muulize kwanza: kwenye mzunguko gani, na kwa muda gani? Sekunde kumi za kumpita mtu si sawa na dakika kumi na tano za kupanda.

#6 ParachichiExpress

Dada_Geji, asante. Nimemuuliza. Kasema "zote".

#7 Torki_Kwanza

Hahaha, huyo fundi nampenda. Ila bado nasimama na shemeji yangu. Miaka mitatu si mchezo.

#8 Grogani_Boy (Nakuru)

Hamjambo wakubwa. Mimi niliweka turbo kwenye 1HZ ya shamba. Nilitembea nayo miezi kumi na moja, raha tupu, panda ya Mai Mahiu kuelekea Limuru nilikuwa naifanya na gia ya tatu. Siku moja nikasikia injini inapumua kwa mfuniko wa oili, moshi wa bluu, na silinda moja haifanyi kazi. Tukafungua: pistoni ya tano ina ufa kuanzia ukingo wa juu kushuka hadi karibu na pini. Konrodi zote zilikuwa zimenyooka, tulizipima. Beringi safi. Kranki haikuwa na mkwaruzo.

Upepo ulikuwa psi 12. Farasi sijui, hakuna mtu aliyepima. Ila nina uhakika na hili: kilichoachia kwanza ni pistoni.

#9 Mzee_wa_Sindano

Grogani_Boy, sindano ulizipima baada ya hapo? Ile ya tano ilikuwa inarushaje?

#10 Grogani_Boy (Nakuru)

Tulipima. Tano na mbili zilikuwa zinadondosha, hazitoi ukungu. Lakini pistoni ya pili ilikuwa nzima kabisa, ndio maana sikuzilaumu sana.

#11 Mzee_wa_Sindano

Mimi nazilaumu. Sindano inayodondosha inapeleka dizeli nyingi bila mpangilio, moto unachelewa, halafu unalipuka mara moja. Pistoni ya pili labda zamu yake haikuwa imefika. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye benchi la sindano, kila anayeniletea pistoni iliyopasuka huwa na hadithi ya turbo, lakini sindano zake hajazigusa tangu anunue gari. Watu wanafunga turbo ya gharama kubwa juu ya sindano zilizochoka. Inaniuma kuona, maana kupima sindano sita ni kazi ya asubuhi moja.

#12 Hesabu_Hazidanganyi

Mnaizunguka. Tatizo ni mgandamizo. 22.4 kwa 1, ukiongeza upepo wa psi 10, hewa inaingia mara 1.7. 22.4 mara 1.7 ni 38. Unaendesha injini ya 38 kwa 1! Chuma gani kinabeba hiyo?

#13 Dada_Geji

Hesabu_Hazidanganyi, jina zuri ila hapo imekudanganya kidogo. Uwiano wa mgandamizo haubadiliki, ni umbo la silinda. Kinachobadilika ni presha, na presha haipandi moja kwa moja na uwiano, inapanda zaidi kwa sababu hewa inapashwa moto inapobanwa. Kwa makadirio ya daftari, ukichukua kipeo cha 1.3, silinda ya 22.4 isiyo na turbo inafika kama baa 57 mwisho wa kubana, kabla dizeli haijawaka. Ukiweka upepo wa baa 0.7 inafika kama 97. Silinda ya 18.6 ya 1HD-T kwa upepo uleule inafika kama 76. Kwa hiyo hoja yako ipo, ila namba ya 38 iache.

Yaani 1HZ yenye turbo inaanza moto ikiwa tayari imebanwa kuliko injini iliyozaliwa na turbo. Ukiongeza na dizeli juu yake, kilele cha presha kinaenda mbali.

#14 Hesabu_Hazidanganyi

Nimepokea. Kipeo nilikisahau. Lakini mwisho wa siku tumekubaliana kwamba presha ndiyo inayopasua.

#15 Dada_Geji

Hatujakubaliana bado. Presha inapinda konrodi na kubana beringi. Konrodi za Grogani_Boy zilinyooka na beringi zilikuwa safi. Pistoni ndiyo iliyoachia, na pistoni ya alumini ikishapata joto inalegea. Ufa unaoanzia ukingo wa juu, mimi nausoma kuwa ni joto.

#16 Kibajaji

Ukisoma ufa wa pistoni kama kiganja cha mkono, huyu dada namuogopa.

#17 Skrubu_ya_Nyuma

Naomba niseme kitu ambacho mafundi wengi hawakisemi. Turbo peke yake haiongezi joto la moto. Ukifunga turbo na usiguse pampu, dizeli ni ileile, hewa imeongezeka, moshi unapungua na joto la ekzosi linashuka. Anayepasha pistoni moto ni yule anayekwenda nyuma ya pampu na kukaza skrubu ya dizeli.

Halafu kuna la pampu yenyewe. Pampu ya 1HD-T ina kile kidude cha duara juu chenye dayaframu: kinasubiri upepo ufike, ndipo kinaruhusu dizeli ya ziada. Pampu ya 1HZ haina. Ukikaza skrubu, dizeli ya ziada inamwagwa wakati wote, hata mzunguko 1400 ambapo turbo bado imelala. Hapo ndipo unaona wingu jeusi mtu anapoondoka na mzigo. Lile wingu ni joto bila hewa. Kwenye mlima, gia kubwa, mzunguko mdogo, pistoni inachomwa na wewe unadhani turbo yako iko salama kwa sababu geji ya upepo inasoma psi 3 tu.

Shemeji wa Torki_Kwanza miaka mitatu amepona kwa nini? Ningependa kujua skrubu yake iko wapi.

#18 Torki_Kwanza

Nimempigia simu sasa hivi. Anasema fundi wake alikataa kugusa pampu. Turbo tu, na bomba la moshi kubwa zaidi.

#19 Skrubu_ya_Nyuma

Basi siri yake tumeielewa.

#20 Torki_Kwanza

Lakini basi hana farasi 200! Miaka mitatu nimekuwa nawaambia watu 200.

#21 Mbeba_Boksi_Alberta

Wakuu, niko Kanada, huku pikapu za dizeli ni dini. Nawaletea ya huku mlinganishe, maana huku watu wamevunja nyingi na wameandika kila kitu.

Kila injini ina sehemu yake ya kuachia, na haifanani na ya jirani. Duramax za mwanzo, LB7, zikisukumwa sana zinapinda konrodi. Zilizofuata, LBZ na LMM, konrodi zikaimarishwa, sasa pistoni ndizo zikawa zinapasuka, ufa unapita usawa wa pini. Power Stroke ya lita 6.0 hata hufiki kwenye pistoni: boliti za hedi zinanyooka, hedi inainuka, gasketi inaondoka. Cummins ya lita 5.9 ya valvu 12 inajulikana kwa chini kuwa ngumu sana, watu wanamaliza klachi na gia kabla ya kugusa konrodi.

Na wote, ukiwauliza kikomo, watakupa namba za farasi. Ukichimba, unakuta namba ileile mmoja anaitumia kwenye mashindano ya sekunde chache na mwingine anavuta trela la ng'ombe milima ya Rocky. Wa trela anavunja mapema.

#22 Chuma_cha_Pua

Mbeba_Boksi, nyingi ya hizo injini zenu ni za kompyuta, hazihusiani na mkonga wa Njombe. Turudi nyumbani.

#23 Mbeba_Boksi_Alberta

Zinahusiana kwa hili: kompyuta inaweza kupewa amri ya kutotoa torki kubwa chini ya mzunguko fulani. Watu wa huku wenye konrodi dhaifu wanafanya hivyo, wanabana torki chini, wanaachia farasi juu. Na ile ya valvu 12 niliyoitaja haina kompyuta kwenye pampu, ni chuma kitupu kama yenu.

#24 Dereva_wa_Tunduma

Mimi si fundi, ni dereva wa lori miaka 19. Kitonga naijua kama kitanda changu. Mleta mada, umesema kushuka hakuna shida. Hapo tusubiri kidogo.

Nimeona injini mbili zimefia mteremkoni, hakuna hata moja iliyokuwa na turbo ya kuongezwa. Dereva anateremka na gia kubwa, breki zinaanza kunuka, anashtuka, anapiga gia ndogo. Magurudumu yanaizungusha injini kuliko ilivyowahi kuzunguka. Hapo gavana haikusaidii, inakata dizeli tu, haiwezi kuyazuia magurudumu.

#25 Dada_Geji

Dereva_wa_Tunduma, hiyo ni hoja kubwa na nashukuru umeileta. Presha ya moto inaibana konrodi, mzunguko unaivuta. Na mvuto huo unakua kwa mraba wa mzunguko. 1HZ inatakiwa kuishia kama 3800 ikiwa na mzigo. Ukiilazimisha 4600 kwa kushusha gia, mvuto kwenye konrodi na boliti zake unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Hakuna fundi aliyegusa kitu, na umeshavuka kikomo.

#26 Mama_Mbao

Niongeze hapohapo. Tuna magari mawili ya mbao Mafinga. Nyie wanaume mnaongelea kupanda tu. Ukiongeza nguvu ya kupanda, dereva anaongeza mzigo. Breki ni zilezile. Ndugu yetu alipata ajali mteremkoni na gari lililokuwa "limeimarishwa", akakaa hospitali miezi miwili. Injini ilikuwa nzima kabisa. ParachichiExpress, kabla ya farasi, tafadhali angalia breki zako na uzito unaopakia.

#27 ParachichiExpress

Pole sana mama. Nimekusikia. Breki za mbele nimebadilisha mwezi uliopita, za nyuma nitazifungua Jumamosi.

#28 Motere_ya_Goma

Salamu kutoka Goma, ndugu zangu. Huku kwetu motere ya 1HZ ndiyo mfalme, na karibu hakuna mtu anayeiweka turbo. Mimi nawaambia kinachozimaliza huku: vumbi. Vumbi letu ni la mawe ya volkano, linakata kama msasa. Ukiweka turbo unavuta hewa nyingi zaidi kupitia chujio lilelile, na bomba zikiachia kidogo tu, vumbi linaingia. Ringi zinaisha, silinda inapanuka, halafu unasema nguvu zimeiua. Angalieni kuta za silinda kabla ya kuhukumu pistoni.

#29 Grogani_Boy (Nakuru)

Motere_ya_Goma, umenigusa. Kwangu kulikuwa na mpira wa kuingiza hewa ulioraruka nyuma, karibu na klipu. Tuliuona siku ya kufungua, hatukuufikiria. Kwa hiyo sasa nina washukiwa watatu: sindano, joto, na vumbi!

#30 Hesabu_Hazidanganyi

Na mgandamizo. Wanne.

#31 Chuma_cha_Pua

Na umri. Hakuna aliyeuliza injini ya Grogani_Boy ilikuwa imetembea kilomita ngapi. Alumini inayopashwa na kupozwa kila siku kwa miaka ishirini si ile iliyotoka kiwandani. Mnajadili kikomo cha pistoni mpya wakati hakuna aliye nayo.

#32 Grogani_Boy (Nakuru)

Mita ilikuwa inasoma 410,000 nilipoinunua, na sidhani ilikuwa inasema kweli.

#33 Beringi_Zangu

Mmeisahau oili. 1HD-T, ambayo mnaisifu hapa kwamba imezaliwa na turbo, za miaka ya mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula beringi za konrodi. Kuna wanaozibadilisha kabla hazijalia, kama unavyobadilisha mkanda wa taiming. Kwa hiyo hata turbo ya kiwandani haikuwa dhamana.

Kinachoua beringi ni mtu kukaba gia kubwa kwenye mzunguko 1300 na mguu sakafuni. Mzunguko mdogo, utando wa oili ni mwembamba, presha ya moto ni kubwa. Chuma kinagusa chuma. Ukifunga turbo, oili hiyohiyo inakwenda pia kuipoza turbo na inarudi ikiwa ya moto zaidi. Mleta mada, oili unabadilisha kila baada ya kilomita ngapi?

#34 ParachichiExpress

5,000. Nikizidisha sana 6,000.

#35 Beringi_Zangu

Safi. Ukifunga turbo usivuke hiyo 5,000 hata siku moja.

#36 Kijana_wa_VX

Samahani kwa kuchomekea. Na 1HD-FTE, mdogo wake 1HD-T, je? Nina Land Cruiser VX ya 1999, nataka kuongeza upepo kidogo.

#37 Mzee_wa_Sindano

Fungua uzi wako kijana, ila nikupe kidogo kwa sababu inaingia humu. Injini hiyohiyo ya 1HD-FTE, kwenye Land Cruiser 100 ya Australia waliipa kilowati 150 na Nm 430, ikiwa na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Kwenye pikapu ya Land Cruiser 79 ya kulekule wakaipa kilowati 122 na Nm 380, bila intakula. Jiulize kwa nini kampuni ipunguze nguvu ya injini yake kwenye gari la kubeba mzigo. Mimi najibu: kwa sababu gari la mzigo linakaa kwenye moto muda mrefu, na hewa isiyopozwa inaanza ikiwa tayari ya moto.

#38 Torki_Kwanza

Au walipunguza ili VX iuzike kwa bei kubwa. Na wewe mzee usiwaamini sana wafanyabiashara.

#39 Mzee_wa_Sindano

Inawezekana vyote viwili. Ila intakula kwenye 1HZ ya turbo mimi ningeitanguliza kabla ya kugusa skrubu.

#40 Mlima_Livingstone

Wakuu, wote mmesahau kwamba jamaa anaishi Njombe, karibu mita 2000 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina presha kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Geji ya upepo inasoma tofauti kati ya ndani ya bomba na nje. Psi 10 za Njombe, ukiongeza na hewa ya hapa, ni kama kilopaskali 149 kwa jumla. Psi 10 za Dar ni kama 170. Yaani psi 10 za kwetu ni sawa na psi 7 hivi za kwao.

Ndiyo maana namba za watu hazipatani. Wa Dar anasema psi 10 ilipasua, wa Makambako anasema psi 10 ni salama, na wote wanasema kweli.

Na jambo la pili: pampu yako isipokuwa na kifaa cha kurekebisha kwa ajili ya mwinuko, basi tayari hapa inamwaga dizeli iliyopimwa kwa hewa ya pwani. Ndio maana mikonga ya huku inatoa moshi mweusi hata bila turbo. Kwa mtu wa Njombe, turbo ya upepo mdogo bila kugusa pampu inarudisha tu kile ambacho mlima ulikunyang'anya.

#41 Skrubu_ya_Nyuma

Mlima_Livingstone, hii ndiyo post ya maana kuliko zote humu. Mimi ningefanya hivyohivyo.

#42 Hesabu_Hazidanganyi

Ila anashuka Dar mara mbili kwa mwezi. Akifika kule, psi 10 zake zinakuwa psi 10 kamili.

#43 Mlima_Livingstone

Kweli. Na chini ya Kitonga, pale Ruaha Mbuyuni, hewa ni nzito kuliko ya Njombe na joto lake mnalijua. Anaanza kupanda akiwa na hewa nzito na ya moto. Hapo sina jibu la haraka.

#44 Chuma_cha_Pua

Rejeta je? Hedi ya chemba inapeleka joto jingi kwenye maji kuliko hedi ya 1HD-T, ndiyo asili yake. Ukiongeza moto, maji ndiyo yanabeba. Hedi za 1HZ zinazopata nyufa kati ya valvu huwa zimechemka kwanza, mara moja au mbili, mwenye gari akajaza maji akaendelea na safari. Mleta mada alisema gasketi ya hedi iliwahi kubadilishwa. Kwa nini ilibadilishwa?

#45 ParachichiExpress

Ilichemsha. Mpira wa chini wa rejeta ulipasuka, dereva wangu hakuona geji. Alisimama baada ya kama kilomita mbili.

#46 Chuma_cha_Pua

Hedi ilipimwa nyufa kwa presha, au walisawazisha tu na kufunga?

#47 ParachichiExpress

Walisawazisha.

#48 Chuma_cha_Pua

Basi ndugu yangu, kabla hujazungumzia pistoni, hedi yako yenyewe hatuijui.

#49 Torki_Kwanza

Na klachi. Shemeji alibadilisha klachi miezi mitatu baada ya turbo. Nimekumbuka leo.

#50 Dada_Geji

ParachichiExpress, uliomba namba. Mimi yangu haina farasi ndani yake. Toboa manifoldi ya ekzosi kabla ya turbo, weka pairomita (geji ya joto la ekzosi). Wanaofunga 1HZ kwa uangalifu wanajizuia chini ya nyuzi 700 wakati wa kupanda kwa muda mrefu, wengine wanaishia 650. Usiweke geji baada ya turbo, kwa sababu turbo inakula joto na utasoma pungufu, nyuzi 100 au zaidi ukiwa na mzigo. Ikipanda, punguza mguu, shuka gia, acha injini izunguke. Farasi utakaowapata chini ya mstari huo ndio wako.

#51 Grogani_Boy (Nakuru)

Mimi yangu niliiweka baada ya turbo. Ilikuwa inasoma 620 na nilikuwa nalala vizuri.

#52 Hesabu_Hazidanganyi

Dada_Geji, kwa heshima, geji ya ekzosi haioni presha ya kilele. Mtu anaweza kuwahisha muda wa kurusha dizeli, joto la ekzosi likashuka, akafurahi, wakati presha ndani imepanda na hedi inataka kuinuka. Mnampa geji moja kana kwamba inaona kila kitu.

#53 Dada_Geji

Ni kweli. Kwa hiyo muda wa pampu asiuguse.

#54 Torki_Kwanza

Fundi wake si alisema atagusa "zote"?

#55 ParachichiExpress

Wakuu, mrejesho. Fundi wa 200 nimeachana naye. Sindano sita zimepimwa: mbili zilikuwa zinadondosha, ya nne na ya sita, nimebadilisha nozeli zote. Turbo bado sijafunga. Nimefunga pairomita peke yake kwanza, nijue injini inaishi kwenye joto gani kabla sijaongeza kitu. Jana nimepanda Kitonga na mifuko 25 ya mbolea ya kilo 50. Gia ya pili, ilifika 640 na ikakaa hapo. Moshi umepungua sana kuliko zamani.

#56 Skrubu_ya_Nyuma

640 bila turbo? Hiyo ni injini inayolilia hewa. Turbo ndogo, psi 6, pampu usiiguse, hiyo namba itashuka.

#57 Hesabu_Hazidanganyi

Au ni injini inayosema imeshafika mwisho, muache hivyohivyo apakie mifuko 20.

#58 Mama_Mbao

Naunga mkono mifuko 20.

#59 Mzee_wa_Sindano

Kabla hamjamgawana: ParachichiExpress, ulipotoboa ni pale ambapo moshi wa silinda zote unakutana, au umetoboa kwenye mguu wa silinda moja?

#60 ParachichiExpress

Mguu mmoja, mzee. Wa nyuma kabisa, ndio ulikuwa unafikika kwa drili.

#61 Mzee_wa_Sindano

Kwa hiyo 640 ni ya silinda ya sita, ambayo sindano yake ilikuwa inadondosha mpaka wiki iliyopita. Nyingine tano hatuzijui. Hamisha hiyo geji, panda tena Kitonga, halafu urudi.

#62 ParachichiExpress

Safari ya Dar ni Alhamisi. Nitapanda Jumamosi.